Kompyuta ya Nyumbani Ikiugua: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Ilikuwa Alhamisi usiku, mwanzoni mwa Desemba 2025. Watoto walikwisha lala, nami nilikuwa nimeketi mezani hapa kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, nikikamilisha hesabu za kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Jumamosi ilikuwa ndiyo siku ya mgawo. Kila mama alikuwa akiisubiri kwa hamu: huyu kwa ajili ya sare za shule za Januari, yule kwa mbegu, mwingine kwa bati za nyumba aliyoanza kuijenga miaka mitatu iliyopita.

Ghafla kompyuta ikagoma. Kioo kilikuwa cha bluu chenye maandishi meupe, kisha kikawa cheusi. Nilipoiwasha tena nilisikia mlio mdogo ndani yake, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyokwama. Haikufunguka.

Akina mama wenzangu, naomba niseme ukweli. Zamani hesabu zetu zote niliziandika kwenye daftari kubwa. Lakini tangu Julai nilikuwa nimeacha kuandika, kwa sababu kompyuta inajumlisha yenyewe na haikosei. Kwa hiyo hisa, mikopo na marejesho ya akina mama 24 kwa miezi mitano vilikuwa ndani ya mashine ile tu. Hapakuwa na nakala mahali pengine. Nilikaa pale mezani mikono imelegea, nikawaza nitawatazama vipi wenzangu usoni.

Mlio uleule wa tik, tik unasikika leo katika nyumba nyingi. Kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu tunaiita laptopu, si kitu cha ofisini peke yake tena. Kijana wa chuo anaiandikia kazi zake, baba anatayarishia masomo, mama anaweka hesabu za duka au za kikundi. Inapoharibika, swali ni lile lile: tuitengeneze, au tuachane nayo tununue nyingine? Jibu likikosewa, linaweza kula ada ya mtoto.

DAWA KABLA YA KIPIMO

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Alibonyeza kitufe mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii imekwisha, mama. Ukiitengeneza utatupa hela zako bure. Ninayo nyingine hapa, laki tano na nusu. Hii yako niachie, nitakupunguzia elfu thelathini."

Hakuifungua. Hakugusa hata parafujo moja. Lakini mimi nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hununua upesi. Sikuwa na laki tano. Nilitoka nje, nikasimama chini ya mti, nikatoa simu na kuanza kuomba ule mkopo wa haraka unaoingia kwenye simu na kuanza kukudai kabla hujaupangia kazi. Kabla sijamaliza, mume wangu akapiga kutaka kujua habari. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mama watoto, wewe ni nesi. Mgonjwa akifika kwako unampa dawa kabla ya kumpima?"

Neno lile lilinichoma, kwa sababu sisi wauguzi tunaijua historia hiyo vizuri. Nilipoanza kazi, mtoto akiletwa na homa tulimwandikia dawa ya malaria moja kwa moja. Wengi wao hawakuwa na malaria. Walikuwa na nimonia, au maambukizi ya njia ya mkojo, au homa nyingine, na ugonjwa wenyewe ukaendelea huku tukidhani tumetibu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni ndicho kilichotufundisha kwamba homa si jina la ugonjwa. Homa ni dalili tu.

Na kompyuta nayo ni hivyo hivyo. "Haiwaki" ni dalili. "Imekuwa nzito" ni dalili. Huwezi kuamua kutengeneza wala kununua mpaka ujue ugonjwa wenyewe. Nilifuta lile ombi la mkopo, nikaichukua mashine yangu na kuondoka.

FUNDI WA PILI

Jirani yetu mmoja alinielekeza kwa kijana mwenye kibanda karibu na Mitumbani. "Mwangaluka, mayu," alinisalimu, akafuta meza kwa kitambaa, akaanza kufungua parafujo mbele ya macho yangu. Alichonionyesha kilinitia aibu kama mama mwenye nyumba. Feni ilikuwa imefunikwa na vumbi kama pamba. Vumbi letu la Shinyanga mnalijua, hasa kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza. Ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya prosesa ili kuipoza ilikuwa imekauka na kupasuka. Betri ilikuwa imevimba kama mkate. Na diski, yaani ghala lenye kumbukumbu zote, ndiyo iliyokuwa ikilia tik, tik.

Alinieleza kwa lugha nyepesi. Diski za mtindo wa zamani zina sahani ndogo inayozunguka kwa kasi, na mkono mwembamba unaosoma juu yake, kama gramafoni. Mkono ule ukichoka au sahani ikikwaruzwa, mashine haiwezi kusoma kitu. Lakini mwili wote uliobaki unaweza kuwa mzima kabisa.

"Mayu, kwanza tuokoe vitu vyako," alisema. "Mambo ya bei tutazungumza baadaye."

Hapo nilijua nimefika kwa fundi wa kweli. Hata sisi mgonjwa wa ajali akifika tunazuia damu kwanza, na kadi inaandikwa baadaye. Aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza kunakili taratibu. Ilikataa mara mbili. Mara ya tatu majina ya mafaili yakaanza kutokea moja moja kwenye kioo. Hesabu za kikundi zilipatikana zote. Picha za mazishi ya mama yangu mzazi hazikufunguka, na hazijafunguka hadi leo.

Kisha akaniandikia bei kwenye karatasi. Diski mpya aina ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka, shilingi 75,000. Betri 65,000. Kusafisha, kupaka dawa ya kupoza na kazi ya mikono, 30,000. Jumla 170,000, dhidi ya 550,000 nilizotajiwa asubuhi. Chini ya theluthi moja.

MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Msomaji mpendwa, tangu siku ile nimewasaidia akina mama kadhaa wa jumuiya yetu wenye tatizo kama langu. Tumejifunza kujiuliza maswali matano, na ni vizuri yafuatwe kwa mpangilio.

La kwanza: Je, vilivyomo ndani viko salama? Mashine inanunuliwa dukani, lakini kazi ya mtoto ya miezi minne hainunuliwi. Kompyuta ikianza kulia, kuganda au kujizima, acha mambo mengine yote, unakili mafaili yako kwenye flashi siku hiyo hiyo. Usiendelee kuiwasha na kuizima ukitumaini itapona yenyewe, maana kila jaribio linaweza kuimalizia diski inayokufa.

La pili: Ugonjwa ni nini hasa? Kuna vipimo vidogo unavyoweza kufanya nyumbani bila gharama. Ikiwa haichaji, azima chaja ya aina ile ile kwa jirani kabla ya kuilaumu mashine, maana mara nyingi mgonjwa ni chaja. Ikiwa kioo ni cheusi lakini unasikia feni inazunguka, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, basi ubongo ni mzima na kilichoharibika ni kioo au waya wake. Ikiwa inajizima ikipata joto, huenda ni vumbi tu. Ikiwa imekuwa nzito mno, mara nyingi ni diski ya zamani, au memori ndogo, au programu za ovyo zilizojazana. Hayo yote yanatibika kwa bei nafuu. Ugonjwa mzito ni ule wa bodi kuu, hasa baada ya kumwagikiwa maji au chai, au kupigwa na umeme uliorudi kwa nguvu. Hapo fundi mwaminifu atakuambia mapema kwamba hana uhakika.

La tatu: Gharama ni sehemu gani ya bei ya nyingine? Wengi hutumia kanuni hii: ikiwa matengenezo yanazidi nusu ya bei ya mashine nyingine nzima ya kiwango kile kile, na mashine yako imekwisha pita miaka mitano, ni afadhali kuifikiria nyingine. Lakini linganisha kwa haki. Usilinganishe matengenezo ya mashine ya zamani na mashine mpya ya kifahari ambayo hukuwa na haja nayo.

La nne: Inafanya kazi gani nyumbani? Kompyuta ya kuandikia barua na hesabu za kikundi haihitaji nguvu kubwa. Ya kijana anayesoma uhandisi au ramani za ardhi ni habari nyingine. Na ikiwa kazi yenyewe ni kusoma ujumbe na kutazama mahubiri, simu uliyo nayo inatosha, wala huhitaji kutengeneza wala kununua.

La tano: Itaendelea kulindwa kwa muda gani? Swali hili wengi hatulijui. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikaweka mpango wa nyongeza wa ulinzi hadi Oktoba 2026 kwa wale wanaojiandikisha. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Tazama jina la prosesa yako. Ikiwa ni ya Intel na imeandikwa, kwa mfano, i5-6300, tarakimu ya kwanza baada ya mstari inakuambia ni kizazi cha sita. Windows 11 kwa kawaida inataka kuanzia kizazi cha nane. Mashine isiyolindwa bado inawaka, lakini ni kama nyumba isiyo na komeo. Usiifanyie mambo ya benki.

Yangu ilikuwa ya kizazi cha sita, tuliyoinunua ikiwa mtumba mwaka 2018. Hata hivyo kuna njia. Fundi aliniwekea Linux Mint, ambayo haiuzwi na bado inapata masahihisho ya usalama, pamoja na LibreOffice inayoandika barua na kufanya hesabu. Kwa siku tatu nilihangaika kama mgeni katika jikoni la mtu. Siku ya nne nilikuwa nimezoea.

WAKATI MWINGINE NI KUIACHA

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kutengeneza ndiyo busara kila wakati. Mama mmoja ninayefanya naye kazi, jina lake nalihifadhi, alimwagia chai kompyuta ya binti yake aliyekuwa chuoni. Bodi kuu ikaungua. Fundi akaitengeneza kwa laki moja na ishirini. Baada ya wiki sita ikazima tena. Akalipa elfu tisini. Baada ya miezi miwili ikazima kabisa, katikati ya mitihani, na binti akaandika kazi yake ya mwisho kwenye simu usiku kucha. Mama yule aliniambia kwa uchungu, "Kila mara nilijiambia, nimekwisha weka hela nyingi, siwezi kuiacha sasa."

Hapo ndipo wengi tunapoangukia. Fedha iliyokwisha tumika haiwezi kurudi, iwe utaendelea au utaacha. Swali la leo si "nimetumia kiasi gani," bali "shilingi nitakayotoa leo itaninunulia nini?" Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ndio hao hao waliosema cha kuvunda hakina ubani. Yote mawili ni kweli. Busara ni kujua uko mbele ya ufa au mbele ya kitu kilichovunda.

Katika Injili tunayakuta mafundisho hayo mawili pia. Baada ya kuwalisha watu elfu tano, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu (Yohana 6:12). Lakini mahali pengine alifundisha kwamba hakuna mtu anayechukua kiraka kutoka vazi jipya na kukishona kwenye vazi kuukuu (Luka 5:36). Yeye aliyethamini makombo ya mkate alijua pia kwamba kuna nguo isiyofaa tena kutiwa kiraka.

Kwa hiyo, ikiwa bodi kuu imeungua na fundi hana uhakika, ikiwa ugonjwa ule ule umerudi mara ya pili, au ikiwa vitu vitatu vikubwa vimekufa pamoja, iage kwa amani. Itoe diski yake kama ni nzima, maana inaweza kutumika kuhifadhia mafaili.

UKIKWENDA KWA FUNDI

Omba aifungue mbele yako na akuonyeshe kilichoharibika. Akubali kukuandikia bei kabla ya kuanza. Kifaa cha zamani alichokitoa akurudishie, hata kama hukihitaji. Uliza ni kwa muda gani atawajibika kazi yake ikiharibika, na mwandikishiane.

Jambo jingine ni siri za nyumba. Ndani ya kompyuta kuna picha za watoto, barua, pengine taarifa za watu wengine. Sisi watumishi wa afya na viongozi wa vikundi tuna wajibu mkubwa zaidi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, majina na madeni ya wenzako ni amana. Ukiweza, nakili na uondoe vitu hivyo kabla ya kuiacha mashine kwa fundi. Usipoweza, kaa pale mpaka amalize. Mimi nilikaa saa nne kwenye benchi.

UKIAMUA KUNUNUA

Mashine nyingi tunazouziwa ni mtumba kutoka nje, na hakuna ubaya, mradi uchague kwa macho yaliyo wazi. Tafuta prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, memori ya GB 8 na diski ya SSD. Iwashe bila chaja uone betri inadumu kwa muda gani ukiwa dukani. Bonyeza herufi zote za kibodi. Jaribu kamera, sauti na matundu yote ya kuchomekea flashi. Dai risiti halali ya EFD yenye jina la duka. Risiti hiyo ndiyo kinga yako siku polisi wakiuliza umeitoa wapi, kwa kuwa kompyuta za wizi nazo huuzwa kwa bei tamu.

Na kabla ya yote, zungumza na mumeo. Nasema hili kwa sababu nimeona nyumba zikitikisika kwa ajili ya mkopo wa siri wenye nia njema kabisa. Usimvamie akiwa ametoka kazini na njaa. Subiri baada ya chakula, kaa naye na karatasi yenye safu mbili: gharama ya kutengeneza na gharama ya kununua, na chini yake fedha zitatoka wapi. Yule mjenga mnara katika Luka 14 aliketi kwanza akahesabu gharama. Baba akiona hesabu, mtazungumza juu ya hesabu, wala si juu ya nani mbadhirifu.

KILICHOKUFA KISIWAUE WATOTO

Kama muuguzi siwezi kumaliza bila kutaja hili. Betri iliyovimba ni hatari. Usiitoboe, usiichaji, usiihifadhi chini ya kitanda, wala usiitupe jalalani, maana inaweza kulipuka na kushika moto. Kompyuta ya zamani ina risasi na kemikali nyingine zinazodhuru, na watoto wanaochoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza wanavuta moshi wenye sumu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto unaokua, na haina dalili za haraka za kumshtua mama.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa. Na sisi wa ukanda huu wa dhahabu tuna jambo la kutafakari zaidi. Wataalamu wa jiolojia wa Marekani walieleza mwaka 2001 kwamba tani moja ya mabaki ya kompyuta ina dhahabu kuliko inayopatikana katika tani 17 za mawe ya mgodini. Wanaosaga mawe kule Geita na Kahama wanajua tani 17 ni jasho la watu wangapi. Lakini msidanganyike! Kuitoa dhahabu hiyo nyumbani kwa tindikali, zebaki au moto ni kuuza mapafu na figo zenu kwa punje isiyoonekana. Afadhali mpe fundi atumie vipuri, au uliza ofisi ya mazingira ya manispaa ni nani mwenye kibali cha kupokea taka hizo.

NGITILI YA NYUMBANI

Sisi wa Shinyanga tunaijua ngitili: lile eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Nchi yetu ilipokuwa imebaki uchi, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwatia wananchi moyo wa kuzirudisha ngitili za wazee, na miti ikarudi. Nyumbani kwetu sasa tuna ngitili ya kompyuta. Kila mwezi tunaweka shilingi 10,000 kwenye akaunti ambayo hatuigusi. Kwa mwaka ni 120,000. Siku mashine hii itakapokufa kweli, na itakufa, hatutasimama chini ya mti tukiomba mkopo kwa hofu.

Huduma ya kila siku nayo inaongeza maisha yake. Usiitumie juu ya kitanda au godoro, kwa sababu inazibwa pumzi. Ifunike na vumbi, isafishwe ndani na fundi mara moja kwa mwaka. Ngurumo zikianza, chomoa chaja ukutani, na umeme ukikatika chomoa pia, usubiri urudi na kutulia. Kila Jumapili jioni nakili mafaili muhimu kwenye flashi, na nakala nyingine uiweke kwenye hifadhi ya Google, ambayo inatoa GB 15 bila malipo.

JUMAMOSI ILE

Mgawo ulifanyika saa nne asubuhi kama tulivyopanga. Hesabu zilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini kabla ya sanduku kufunguliwa nilisimama nikawaeleza yote: daftari nililoliacha, usiku ule wa Alhamisi, na jinsi nilivyokaribia kuwapotezea jasho lao la miezi mitano. Nikawaomba msamaha.

Kulikuwa kimya. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akasema, "Mwanangu, sisi mbegu tulikuwa tunaziweka katika vibuyu viwili. Kimoja kikiliwa na panya, tunapanda cha pili."

Wote wakacheka, nami nikacheka huku nikifuta machozi. Siku hiyo tulipitisha azimio, likaandikwa: hesabu zote zitakuwa kwenye kompyuta, kwenye flashi inayotunzwa na mwenyekiti, na kwenye daftari. Mashine yangu ya zamani bado inafanya kazi hadi ninapoandika haya. Lakini daftari nalo limerudi mezani, na kalamu yake iko juu.

Mungu awabariki, na awape hekima katika nyumba zenu.